"Natulia mpaka nifike Ngamiani": uchambuzi wa kisa kimoja cha mawazo yasiyokatika

Mwisho wa kikao cha sita Bi Saumu alikuwa ameshasimama, mtandio ameshajitanda, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Akageuka. "Mwanangu, wewe kusema unajua. Ukinieleza natulia. Natulia kabisa, mpaka nifike Ngamiani. Nikishuka tu kwenye bajaji, yamesharudi."

Kutoka kliniki yetu hadi Ngamiani, mtaa anaokaa, kwa bajaji ni dakika kama kumi. Vikao sita, kila kimoja karibu saa nzima, na mavuno yake ni dakika kumi. Alisema bila lawama, tena akitabasamu, kama mtu anayekusifia chakula huku akikurudishia sahani ambayo haijaguswa.

Kisa hiki nakiandikia wenzangu wa ushauri nasaha, na pia wale wenye mama, dada au mke wa namna hii nyumbani. Bi Saumu si jina lake, na ili asitambulike habari zake nimezichanganya na za wateja wengine wawili niliowahudumia hapa Tanga. Makosa ya tiba ni yangu mwenyewe. Hayo sikuyabadilisha.

Alivyokuja

Ana miaka 47. Anakaanga vitumbua na maandazi alfajiri, anauzia shule mbili na ofisi kadhaa. Mumewe ni fundi baiskeli, na kwa mji kama Tanga fundi baiskeli hakosi kazi. Watoto watatu: Zuhura yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, wa pili ni utingo wa lori linalokwenda Dar, wa mwisho bado yuko sekondari.

Hakuja kwa sababu ya mawazo. Alikuja kwa sababu ya moyo. Ulikuwa unadunda mpaka anausikia masikioni, shingo imekaza, kichwa kimebana kama amefungwa kilemba kisichofunguka, usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Kabla yetu alikuwa ameshatibiwa vidonda vya tumbo, taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na "presha ya kupanda na kushuka". Daktari wa kliniki alimpima upya: presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, umeme wa moyo. Vyote vizuri. Wenye shida hii kila wakiambiwa "huna ugonjwa" huondoka na hofu mpya, maana ni ugonjwa gani huo unaojificha hata mashine zisiuone? Alikuwa pia anameza diazepamu, vidonge vya kutuliza, alizopewa na jirani, usiku ule mambo yakimzidi. Hizo daktari alizishughulikia mwenyewe, akazipunguza kidogo kidogo, kwa sababu mwili huzizoea na kuzikata ghafla kuna hatari. Kisomo alisomewa, kombe alikunywa. Sikumwambia aache kisomo. Kilimpa nguvu na hakikuzuia chochote nilichotaka kufanya.

Neno "wasiwasi" hakulitumia hata mara moja. Alisema "nina mawazo", na kwetu mtu akisema ana mawazo hakuna anayempongeza kwa kufikiri sana. Nililishika neno lake na kuachana na langu. Wasiwasi kwa watu wa pwani ni mnong'ono wa shetani, umetajwa katika sura ya mwisho ya Qurani. Ukimwambia mama mcha Mungu kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi anaweza kusikia kwamba imani yake imepungua. Shoga yake alikuwa ameshamwambia hivyo, na lilimchoma kuliko moyo kudunda. Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, neno hilo la mtaani ndilo lililotumika, si jina la kitabuni. Matokeo yao kutoka zahanati 24, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha nafuu kubwa kwa waliokaa kwenye mabenchi hayo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi nasema sehemu ya nafuu ile ilianzia kwenye neno.

Nilimpa dodoso la GAD-7, lile la maswali saba ya kupima wasiwasi alilolitoa Robert Spitzer na wenzake mwaka 2006. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita na alama zake huanzia 0 hadi 21. Kuanzia 10 unatakiwa umchunguze mtu vizuri, kuanzia 15 hali ni nzito. Bi Saumu alipata 17. Miongozo inataka mawazo ya namna hii yawe yamedumu miezi sita ndipo yaitwe ugonjwa. Yake yalikuwa na zaidi ya miaka kumi.

Nilimuuliza pia, kama ninavyomuuliza kila mtu, iwapo amewahi kutamani kufa. Akacheka. "Nife mie, nani awaze?"

Nikacheka naye, nikaandika kwenye faili: hana fikra za kujiua, mchangamfu. Mchangamfu! Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno yale manne, nami nimeyaandika kama mzaha.

Vikao sita vya kuchota bahari

Nilifanya nilivyofundishwa. Tiba ya fikra na tabia, kwa wazo linalotisha, hukaa nalo na mtu mkalipima: ushahidi uko wapi, uwezekano wake ni kiasi gani, kuna maelezo mengine? Kwa mtu mwenye hofu ya jambo moja, tuseme kuogopa kivuko au kuogopa mbwa, njia hii huzaa matunda. Kwa Bi Saumu ilikuwa hivi:

"Zuhura hajajibu tangu jana usiku."

"Mara ngapi amewahi kuchelewa kujibu?"

"Mara nyingi."

"Na zile mara zote alikuwa na nini?"

"Kazi. Au chaji imekwisha."

"Kwa hiyo safari hii?"

"Kweli mwanangu. Itakuwa kazi."

Mabega yakashuka, nami nikajiona fundi. Kabla sijageuza ukurasa: "Ila huyu wa lori, wanasema ile barabara ya Segera…" Tukapima na Segera. Kisha mitihani ya wa mwisho. Kisha uvimbe kwenye goti la mzee. Kila wazo nililolizima lilimwachia nafasi jingine, kama watu kwenye foleni ya maji.

Na ile "kweli mwanangu" ilinidanganya. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Kila kikao naanza na shikamoo, naye marahaba, kisha huyo huyo aliyeamkia ndiye anaanza kumwonyesha mama wa watu mahali fikra zake zilipopinda. Afanye nini? Anakubali. Kukubali kwake kulikuwa adabu, nami nikakuhesabu kama maendeleo. Wanaotibu wazee wa pwani wajichunge hapo: anayekubishia umeshamfikia, anayekuitikia kila kitu huenda anakusubiri umalize.

Kikao cha nne nilimfundisha kupumua taratibu na kulegeza misuli. Alirudi hali mbaya zaidi. "Nikitulia ndipo moyo unaponishtukia." Nikadhani amekosea zoezi, nikamrudisha alifanye vizuri. Jambo hilo lilishaandikwa tangu 1983: Frederick Heide na Thomas Borkovec walieleza watu ambao mazoezi ya kutulia huwaongezea hofu. Nililisoma chuoni. Nilipokutana nalo likiwa limevaa mtandio sikulitambua.

Alama zake baada ya kikao cha sita: 15. Kutoka 17.

Pale mlangoni, aliposema Ngamiani, ndipo nilipoiona kazi yangu ilivyo. Zuhura akimwandikia "nipo salama mama" anatulia saa moja. Mumewe akimwambia "usiwe na shaka" anatulia robo saa. Mimi namtuliza dakika kumi. Nilikuwa tiki mbili za buluu zinazolipiwa nauli ya bajaji.

Alfajiri jikoni

Niliomba nimtembelee akiwa kazini, nikaenda na mwenzangu wa kike wa kliniki. Saa kumi na moja alfajiri. Uani kuna jiko la mkaa, na juu yake kikaango cha vitumbua chenye vishimo saba. Mchele umeshasagwa na kuumuka, una harufu ya iliki. Anamimina kwa upawa, anazungusha kwa kijiti chembamba, kitumbua kinageuka bila kubomoka. Mkono hauangalii, unajua.

Simu imeegemezwa kwenye ndoo ya unga. Anamimina saba, anafuta kidole kwenye kanga, anagusa kioo, anafungua WhatsApp, anatazama jina la Zuhura: ameonekana mara ya mwisho saa ngapi. Anafunga. Anageuza saba. Anafuta kidole, anagusa tena. Mwenzangu alihesabu kimyakimya: mara 23 kabla ndoo haijafika nusu. Katika hizo, safari mbili vitumbua viliungua upande mmoja, na vilivyoungua aliviweka kando bila kuvitazama. Hivyo ndivyo anavyokula yeye asubuhi.

Maskati wametangulia mbele yetu kwa saa moja. Akiamka saa nane usiku kutazama simu, kwa Zuhura ni saa tisa. Binti aliyeshinda akipiga pasi na kuosha vyombo amelala fofofo. Bi Saumu hilo analijua. Kujua hakukuwa shida yake hata siku moja, nami nilikuwa nimetumia vikao sita kumjulisha.

Jambo jingine liwekwe wazi. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Mabinti wetu wanaokwenda Arabuni kwa kazi za ndani wapo wanaonyang'anywa pasi, wapo wasiolipwa, wapo wanaopigwa. Mshauri anayemwambia mama wa binti kama huyo kwamba "unakuza mambo" anastahili kukosa wateja. Swali lilikuwa jingine: kuwaza saa kumi na nane kwa siku kunamfanyia Zuhura nini?

Habari za ngamia

Kikao cha saba sikubisha na wazo lolote. Nilimuuliza: "Mama, haya mawazo yana kazi gani kwako? Ukiyaondoa leo, utapungukiwa na nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kama anayefichua siri ya nyumba: "Nikiacha kuwaza, ndiyo nimemtupa."

Akaendelea, na safari hii hakuna "kweli mwanangu". Mama asiyewaza si mama. Mtume alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Yeye kuwaza ndiyo kamba yake. Na Mungu ameuona huo uangalizi wake, ndiyo maana Zuhura mpaka leo yu mzima.

Mkazi wa Ngamiani kunipa habari za ngamia! Tulicheka wote, na baada ya kicheko nikauliza: "Kamba hasa ni ipi, mama? Ni kile ulichofanya kwa mkono?" Akaanza kuhesabu. Nakala ya mkataba wa Zuhura iko kabatini. Namba ya wakala iko kwenye simu na imeandikwa pia ukutani. Ijumaa wanaongea kwa sauti na wana neno lao la siri: akisema "nisalimie bibi wa Pangani" maana yake mambo mabaya, kwa sababu bibi wa Pangani alishafariki. Hilo lilinishangaza. Mama huyu alikuwa amefunga ngamia kwa fundo ambalo mimi nisingelifikiria.

"Na ukishafunga, ule usiku wa saa nane unafanya nini?"

Akakaa. "Namzunguka ngamia," akasema.

Wanaoijua fani wataona nilipoelekea. Adrian Wells wa Manchester ndiye aliyelieleza hili vizuri tangu miaka ya 1990: mwenye mawazo sugu hasumbuliwi tu na mambo anayoyawaza, bali na anavyoamini kuhusu kuwaza kwenyewe. Kwanza anaamini mawazo yanamlinda, kwa hiyo hathubutu kuyaacha. Pili anaamini hayazuiliki na yatamtia wazimu, kwa hiyo anayaogopa. Anakumbatia kitu kile kile anachokikimbia. Tiba yake haigombani na kila wazo; inagombana na imani hizo mbili. Jaribio moja la Norwei lililochapishwa 2018, Borkovec na Wells wote wawili wakiwa miongoni mwa waandishi, lililinganisha njia hiyo na tiba ya fikra na tabia: waliopona walikuwa 65 kwa 100 kwa njia ya Wells na 38 kwa 100 kwa tiba ya fikra na tabia. Ni jaribio moja, na Norwei si Tanga. Hata hivyo hiyo 38 niliitambua. Ilikuwa na sura ya vikao vyangu sita.

Kulikuwa na funzo jingine, la Henny Westra wa Kanada. Yeye aliona kwamba mtu wa namna hii ana nafsi mbili chumbani, moja inayotaka kupona na nyingine inayoona kupona ni usaliti. Ukiisukuma ya kwanza, ya pili inashika mlango. Aliwafundisha watibabu waisikilize ile ya pili bila haraka. Katika jaribio lake la 2016, waliosikilizwa hivyo na waliopata tiba ya fikra na tabia peke yake walilingana siku tiba ilipoisha. Tofauti ilionekana ndani ya mwaka uliofuata, waliosikilizwa wakaendelea kupata nafuu. Kwetu kusikiliza huko hakuhitaji mafunzo ya mbali. Mwachie mzee amalize, na usimmalizie.

Majaribio

Tukakubaliana kupima kamba. Jumatatu na Jumanne awaze kwa nguvu zake zote, asijizuie hata kidogo. Jumatano na Alhamisi kila wazo likija aliambie "saa yako bado", aliandike neno moja tu kwenye daftari, alisubirishe hadi saa ya mawazo: nusu saa baada ya alasiri, amekaa kwenye mkeka uani, si kitandani, si jikoni. Nusu saa hiyo ya kila siku, mahali pamoja, ni ya Borkovec na wenzake tangu 1983, na bado sijaona kifaa rahisi kuliko hicho. Kisha tutazame siku zipi Zuhura amepata salama zaidi.

Jumanne, siku ya kuwaza kwa nguvu zote, Zuhura alipiga akilia: jino. Alhamisi, siku ya kusubirisha, hakupiga wala halikutokea lolote.

Nilifurahi mapema. Bi Saumu alinitazama kwa huruma: "Labda Jumanne sikuwaza vya kutosha."

Hapo ndipo nilipoona imani hii ilivyojengwa: jambo jema likitokea mawazo yamelinda, jambo baya likitokea mawazo yalipungua. Haina mlango wa kushindwa. Sikubisha. Nilimwomba aiandike sentensi hiyo hiyo kwenye daftari, kwa mkono wake, aisome kila siku akiwa kwenye mkeka. Wiki ya pili alirudi amenuna. "Hii sentensi ina hila," akasema. "Haijawahi kushindwa hata mara moja. Kitu gani cha dunia hakishindwi?" Sidhani ningemfikisha hapo kwa maneno yangu.

Daftari likawa na safu mbili: ninachokiogopa, na kilichotokea. Michelle Newman na mwanafunzi wake Lucas LaFreniere waliwafanyisha watu zoezi la namna hii Marekani, na mwaka 2020 wakaripoti kuwa mawazo 91 kwa 100 hayakutokea. Sikumtajia namba hiyo. Nilitaka aipate yake. Katika wiki nne aliandika mawazo 31. Yaliyotokea ni mawili, jino la Zuhura na tairi la lori kupasuka pale Mkata. Chini ya lile la tairi aliandika kwa penseli: "Walibadilisha wakaenda."

Nyumbani nako palihitaji tiba. Utingo alikuwa amefundishwa kutuma ujumbe kila kituo: Muheza, Segera, Mkata, Chalinze, Kibaha. Kila ujumbe ulimtuliza mama mpaka muda wa ujumbe unaofuata, na ukichelewa dakika tano nyumba nzima inawaka. Tukapunguza hadi mmoja, wa kufika. Mzee, fundi baiskeli, alikuwa na kazi ngumu zaidi. Akiulizwa "watoto watakuwa salama?" asijibu "watakuwa salama". Siku za mwanzo alinilalamikia kwamba namfanya aonekane hana huruma. Kisha akabuni jibu lake mwenyewe: "Sijui, mama Zuhura. Chai ipo?" Nimelitumia jibu hilo kwa familia nyingine tangu wakati huo.

Kwa simu jikoni tulikwenda polepole: kwanza ndoo ya unga ihamie upande wa pili wa uani, akitaka kutazama ainuke. Kuinuka kulitosha. Vitumbua vinaungua, na mfanyabiashara ndani yake akamshinda mama.

Habari ile ilinikuta nacheka

Kikao cha kumi, alama 11, usingizi umerudi hadi saa kumi, nikamrudishia zoezi la kupumua. Moyo ukamshtukia tena. Safari hii sikumsahihisha. Nilimuuliza: mara ya mwisho ulitulia kabisa lini?

Ilikuwa harusini, Makorora, miaka mingi nyuma. Walikuwa wanamcheza mwari, yeye akiwa katikati, kanga kiunoni, anacheka mpaka machozi. Akaitwa pembeni na shangazi. Kaka yake amepata ajali njiani kurudi kutoka Dar, amefariki. "Habari ile ilinikuta nacheka. Tangu siku hiyo sicheki tena kikwelikweli. Ikija nyingine inikute nipo tayari."

Newman na Sandra Llera mwaka 2011 waliweka hoja inayomfaa mtu huyu kama kanga na pacha yake: anayewaza sana hakimbii maumivu, anakimbia ule mporomoko wa kutoka kwenye furaha kwenda kwenye maumivu. Kwa hiyo anakaa chini muda wote, ili asiwe na pa kuporomokea. Ndiyo maana kutulia kulimtisha. Mimi nilikuwa namwambia apande juu ya mti ambao alishaanguka.

Zoezi likageuka. Hakupumua ili atulie. Alipumua ili akae na hofu ya kutulia, dakika mbili, kisha tano, bila kukimbilia wazo. Kisha tukaongeza vitu vidogo vya furaha vyenye hatari, kwa maneno yake. Kukaa Raskazone jioni na mumewe bila simu. Kumsimulia jirani kichekesho mpaka mwisho. Wiki ya kumi na tatu alikwenda harusini, akaiacha simu kwa mwanawe wa mwisho. Nilipomuuliza ilikuwaje alijibu kwa ufupi: "Nilicheza. Nikalia msalani. Nikarudi nikacheza." Kaka yake alikuwa hajamlilia tangu siku ya mazishi, kwa sababu alianza kuwaza kabla ya kumaliza kulia.

Lililotokea kweli

Tulifunga kwenye kikao cha kumi na nne, alama 6. Wiki tano baadaye Zuhura alisema kwenye simu ya Ijumaa: "Nisalimie bibi wa Pangani."

Mishahara ya miezi miwili haijalipwa, na mwenye nyumba ameshika simu siku nne. Niliposikia, nilijiandaa kuanza moja. Bi Saumu hakuja kwangu. Alichukua nakala ya mkataba kabatini, akapanda bajaji kwa wakala, akakaa kwenye benchi lao siku mbili na kikapu chake cha maandazi, akiwauzia wafanyakazi wao huku akisubiri. Siku ya tatu wakala alipiga simu Maskati. Mshahara wa mwezi mmoja ulilipwa wiki ile. Wa pili walikuwa bado wanaufuatilia mara ya mwisho tulipoongea, na Zuhura akaomba kuhamishiwa nyumba nyingine.

"Siku zile sikuwaza," aliniambia alipokuja kwenye ziara ya mwezi wa tatu, mwenyewe akishangaa. "Nilikuwa na kazi." Usiku alikesha, ndiyo, moyo ukadunda, na diazepamu hakuigusa. Alama siku hiyo zilikuwa 8, na ningeshtuka kama zingekuwa chini ya hapo.

Yapo ambayo sikuyafikia. Bado anaweka kando vile vilivyoungua na kuvila yeye. Bado lori likipita Segera usiku anaamka, ingawa analala tena. Na hajakubali kumwondolea Zuhura ile simu ya Ijumaa hata wiki moja kwa majaribio. Nilipolipendekeza alinitazama kama nimetukana, na nadhani yeye ndiye mwenye haki. Hiyo ni kamba.

Katikati ya mazungumzo yale simu yake ilitetema mezani. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kunieleza bei ya mchele ilivyopanda. Dakika kama kumi zikapita, akasita. "Ngoja niitazame sasa, mwanangu, isije ikawa pesa."

Ilikuwa pesa. Vitumbua sitini, Jumamosi, vipelekwe Chumbageni kabla ya saa moja.